Malalamiko Dhidi ya Mwanafunzi Aliyenisimulia Waziri Mkuu Akaniachia Njiani

Bimdogo Maulid,
Nyumba ya wageni nyuma ya Barabara ya Zhanqian,
Guangzhou.
22 Novemba 1998

Kwa Ofisa Anayeshughulikia Wanafunzi,
Ubalozini, Beijing.

Ndugu Ofisa,

Pokea salamu za heshima kutoka huku kusini. Naomba barua hii isomwe na mtu aliyekwisha kula, maana ni ndefu na ina uchungu, na mtu mwenye njaa anaweza kuirukaruka.

Mimi ni mfanyabiashara wa nguo za watoto, mzaliwa wa Gerezani, Dar es Salaam, na mpaka Jumatano iliyopita nilikuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Wachangia Kontena hapa Guangzhou. Umoja wetu hauna jengo wala bendera. Ni Watanzania ambao hakuna hata mmoja anayeweza kujaza kontena peke yake, basi tunalijaza pamoja: huyu jinzi za Xintang, huyu viatu, huyu mabeseni, mimi magauni na suruali za watoto. Kazi ya Mwenyekiti ni moja tu, kusema nani aanze kupakia na nani amalizie. Usiidharau, Ndugu Ofisa. Mzigo unaoingia mwanzo unakaa ndani kabisa, na unaoingia mwisho unakaa mlangoni. Kontena likifunguliwa Dar es Salaam, wa mlangoni anachukua mali yake mapema na kuuza Kariakoo peke yake, na wa ndani anasubiri wenzake wote watoe vyao, kila mtu na karatasi zake na ubishi wake. Anayeugawa mlango ndiye mtawala. Nimeugawa mimi tangu Umoja uanze, na sikuwahi kuona sababu ya kuupeleka mbali na kwangu.

Ninayemlalamikia ni Gaudence, mwanafunzi wa uhandisi anayesoma hapa kwa ufadhili. Ni kijana wa Bukoba, mrefu, mpole, Kichina chake safi. Jumamosi alikuwa anatusindikiza Xintang kututafsiria kwa malaoban, yaani wale mabosi wa viwanda vya jinzi, nasi tukimlipa kwa pilau. Mpaka hapo sina neno naye. Balaa lilianza siku aliyokuja na kitabu kinene cha Kiingereza, cha maisha ya Bibi Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Kukagua nguo kabla hujazipokea ni kazi ya kuchosha akili. Unapandisha zipu, unashusha zipu, asubuhi mpaka jioni. Nikamwambia asome halafu anieleze kwa Kiswahili huku mikono yangu inaendelea. Laiti ningemwambia aimbe.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Alianza na duka. Angeanza na vita au bunge ningesinzia salama. Lakini yeye alianza kwa kusema kwamba mama huyo ni mtoto wa muuza duka, na kwamba alilelewa juu ya duka hilo hilo la baba yake, katika mji mdogo ambao hauko kwenye midomo ya watu. Ndugu Ofisa, na mimi ni mtoto wa duka. Marehemu baba, Mzee Maulid, aliuza unga na mafuta ya taa Gerezani. Sisi tulilala nyuma ya duka, siyo juu, lakini hilo ni suala la ujenzi tu. Niliweka chini suruali niliyoishika nikamwuliza Gaudence kama ana hakika. Akanionyesha ukurasa, na mie Kiingereza changu kinaishia kwenye bei. Kuanzia pale sikuwa nasikiliza maisha ya mtu mwingine tena, nilikuwa nasikiliza yangu. Msomi mzima alipaswa kulitambua hilo na kunizindua. Yeye aliomba aongezewe nyama.

2. Maziwa. Jumamosi iliyofuata akanieleza kwamba mama huyo, kabla hajawa Waziri Mkuu, alipokuwa na wizara ya elimu, aliwaondolea watoto wa shule waliovuka miaka saba maziwa ya bure. Nchi nzima ikampigia kelele, na kelele zile hazikumzuia kupanda. Mimi ni mtu wa vitendo. Mikutano ya Umoja ilikuwa na desturi ya chai ya maziwa, na maziwa ya kopo Guangzhou unayatafuta mpaka miguu inakufa ganzi. Jumapili ile ile nikaweka chai ya rangi mezani. Jamani! Haidar, mtu mzima wa viatu vya mitumba na vya dukani, aligeuza kikombe juu chini. Lulu, mtoto wa Tanga muuza vipodozi ambaye tunalala chumba kimoja, alinuna siku mbili akawa ananiambia tu taa nizime mimi. Mie nilitulia tuli. Nilizisikia kelele zile nikajua napanda.

3. Mkoba. Kwa maelezo ya Gaudence, Bibi Thatcher hakuachana na mkoba wake, na mawaziri wazima na suti zao walikuwa wakiuogopa. Nilitafuta Zhanqian yote mpaka nikapata mweusi, mgumu, wa kusimama wenyewe. Nikawa nauweka mezani kabla sijakaa. Mtu akiomba mzigo wake usogezwe mlangoni, nafungua mkoba, nafunga mkoba, kisha namwambia "bu xing", neno la Wachina la kukuambia haiwezekani na usirudie kuuliza. Nikaambiwa mama yule alikuwa akilala saa chache tu, basi nami nikahamishia mikutano baada ya sala ya alfajiri, watu wanakuja na alama za mto mashavuni.

Tena nikaambiwa kwamba alikuwa na msaidizi mpole, wa miaka mingi, ambaye alikuwa akimkaripia mbele ya wenzake. Hee, nikasema, mpole ninaye! Makamu wangu Ahmada ni mtu wa Chake Chake, anauza ndoo na mabeseni ya plastiki, na sauti yake huisikii mpaka uzime redio. Hakuwa amenikosea kitu. Nilimkaripia kwa kufuata kitabu, leo kwa kuchelewa, kesho kwa kuwahi, naye aliinamisha kichwa na kusema sawa Mwenyekiti. Gaudence aliyaona yote hayo kwa macho yake, maana alikuwepo anakula. Hakunidokeza hata mara moja kwamba yule mpole wa kitabuni atarudi tena kurasa za mbele.

4. Kodi ya kichwa. Hapa naomba uvute kiti. Mwezi wa Septemba tulifika pahala ambapo Waziri Mkuu, ameshashinda uchaguzi mara tatu, anaamua kodi ya halmashauri ilipwe sawasawa na kila mtu mzima, mwenye jumba na mwenye chumba. Gaudence alilisema jambo hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, anatafuna. Wazee wetu waliingia porini kuikimbia kodi ya kichwa, hilo nalijua hata mie niliyeacha shule mapema. Lakini nikajiuliza, kama ni wazo baya, Waingereza wangejifanyia wenyewe kwao? Basi nikatangaza kwamba gharama za kontena zitagawanywa kwa vichwa na siyo kwa mzigo. Mwenye marobota mawili na mwenye nusu ya kontena watoe sawa. Mwenye nusu ya kontena nilikuwa mimi. Sikuficha, nilisema pale pale mkutanoni kwamba imetokea tu hivyo.

Na ndipo Gaudence akafunga kitabu, akakitia begini, akapanda treni kwenda Wuhan kwa mafunzo ya vitendo kiwandani. Chuo ndicho kilichompangia, anasema. Aliniaga kwa adabu, akashukuru kwa pilau, akaniacha na kodi ya kichwa mkononi. Kurasa zilizokuwa zimebaki zilikuwa chache, tungezimaliza kwa suruali chache tu.

5. Kung'atuka. Utaniuliza, kwani Bimdogo hakujua kwamba Bibi Thatcher hayupo tena kwenye kiti? Nilijua, redio ninayo. Lakini mimi ni Mtanzania, Ndugu Ofisa, kama wewe. Kwetu mkubwa akimaliza anang'atuka. Mwalimu aling'atuka akarudi shambani kwake Butiama. Mzee Ruksa, aliyemfuata, muda wake ulipofika alikabidhi, watu wakapiga makofi, maisha yakaendelea. Basi nilipoona Uingereza wana Waziri Mkuu mwingine, na mwingine tena, nikachukulia kwamba mama wa watu alichoka, akasimama, akawaambia wananchi sasa inatosha, wakamlilia abaki, akakataa. Nilimwona kabisa kichwani mwangu anapalilia mahindi. Nikapanga na mie, siku ya kung'atuka kwangu, nitavaa kitenge gani.

6. Jumatano. Tulikutana alfajiri kupanga kontena la Idd. Mkoba ulikuwa mezani. Ahmada akasimama, na Lulu akazima redio bila kuambiwa, hapo ndipo nikajua wameshapanga. Ahmada hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alisema kwa ile sauti yake kwamba anaacha umakamu, kwa sababu amejitahidi sana lakini hajui tena afike saa ngapi ili asiwe amechelewa wala amewahi. Watu wakacheka. Kicheko kile, wallahi, nimekisikia kila nikifumba macho tangu siku hiyo.

Nikaahirisha kikao nikapanda chumbani. Wakaanza kuja, mmoja mmoja. Haidar alivua viatu mlangoni akasema yeye binafsi yuko na mimi mpaka kaburini, ila wenzake hawamo. Swalha, mwenye jinzi, alikuja na maandazi akasema maneno yale yale. Hata Lulu, ambaye kitanda chake kiko humo humo chumbani, alitoka nje akabisha hodi, akaingia kuniambia kwamba yeye hana tatizo na mimi kabisa, ila hali ya hewa. Kila mmoja alitoka anafuta machozi. Ilipofika magharibi niliandika kwamba najiuzulu, nikachukua teksi bila pa kwenda, nikaketi nyuma na mkoba wangu nikalia. Dereva alinipa karatasi ya msalani bila kugeuka.

Wakamchagua Ahmada. Siku hiyo hiyo chai ya maziwa ikarudi. Kisha akasema kuanzia sasa nafasi za kontena ni kwa kura, kila mtu achomoe kijiti. Mimi, teksi iliponirudisha, nilichomoa kifupi kuliko vyote, ndani kabisa, nyuma ya kila mtu. Ndugu Ofisa, hayo ni magauni ya Idd. Kina mama wa Kariakoo wameniachia vipimo vya watoto wao tangu mvua za masika, na mjukuu wangu Maulida nimemwahidi la njano lenye mkanda nyuma. Gauni la Idd likitoka kontenani watu wameshamaliza kula biriani, utamvisha nani? Sitaki kiti, nilikuwa najiambia usiku. Nataka mlango. Lakini ukweli nilikuwa navitaka vyote.

7. Kesho yake. Nikiwa Zhanqian natembea kama mgonjwa, nilikutana na Nyokabi, Mkenya wa jinzi za kike, nikamweleza yaliyonipata na nikamtaja Bibi Thatcher kuwa ndiye mwalimu wangu. Nyokabi alicheka mpaka akashika meza ya watu. Alisema, Mathe, kwani hukujua, si huyo alitolewa na watu wake mwenyewe? Hata sisi Kenya tulisikia, na sisi hatujui mkubwa hutoka aje! Akanipa habari nzima, pale pale, kati ya suruali. Kwamba kodi ya kichwa iliwatoa watu barabarani wakapigana na polisi. Kwamba yule msaidizi mpole alisimama bungeni akasema maneno yake taratibu, na sakafu ikaondoka chini ya miguu ya mama yule. Kwamba mawaziri wake waliingia kumwona mmoja mmoja, na wengi wakamwambia hatashinda. Na kwamba aliondoka kwenye ile nyumba akiwa ndani ya gari, macho yana machozi, na ulimwengu ukamwona.

Mmoja mmoja! Hata hilo lilikuwemo kitabuni! Ningelijua, ningefunga mlango kwa komeo nisimpokee hata Lulu. Hata machozi ya kwenye gari hayakuwa yangu peke yangu. Nimeondolewa madarakani kwa mpango uliokwisha chapishwa, unauzwa madukani, na mtu pekee aliyekuwa nao mkononi katika jumuiya yetu alikuwa anakula kwangu kila Jumamosi.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo.

Kwanza, ufadhili wa Gaudence usimamishwe mpaka arudi Guangzhou na kunimalizia kitabu mbele ya mashahidi. Najua ni adhabu kubwa, na mama yake kule Bukoba anamtegemea, lakini kumwachia mtu mzima Waziri Mkuu njiani siyo jambo dogo.

Pili, Serikali ya Uingereza iandikiwe kwa lugha nzuri kwamba vitabu vya mawaziri wakuu wao vinavuka mipaka na kuingia kwenye vikao vya watu. Viwekwe onyo kwenye jalada kwa wenyeviti, kama lile la sigara.

Tatu, na hili ndilo kubwa, itolewe amri kwa wanafunzi wote wa Kitanzania walio ng'ambo, kwamba yeyote atakayesimulia maisha ya mkubwa aanze na mwisho. Duka, maziwa na mikoba vikae ndani kabisa. Mwisho ukae mlangoni, ndiyo utoke kwanza, watu wauone, kisha waamue wenyewe kama wanataka vilivyobaki. Mimi kama ningeanza na yale machozi ya kwenye gari, maziwa yangekuwa kwenye chai mpaka leo, na Ahmada angekuwa anawahi kwa raha zake.

Nakuombea afya katika baridi ya huko Beijing. Nisalimie ofisi nzima, wa mapokezi, dereva, na yule dada aliyenisaidia na pasi mwaka juzi ambaye nimesahau jina lake lakini sura yake ninayo. Kama kuna mwenye watoto wa kike, magauni yapo. Ayasubiri tu, kama mimi.

Ni mimi, niliyeumizwa na elimu ya watu wengine,

Bimdogo Maulid
Mwenyekiti Mstaafu (sikung'atuka)

N.B. Ndugu Ofisa, bahasha ilikuwa tayari imeshalambwa, nimeifungua tena. Lulu alikuja mbio kuniita godauni, kontena linafungwa. Nilikwenda ili nione aibu yangu hadi mwisho. Kumbe kijiti cha mlango kilimwangukia Ahmada. Nilimkuta anawaelekeza makuli watoe ndoo zake wazirudishe ndani kabisa, na katoni zangu zote zilikuwa zimepangwa mlangoni, mpaka juu. Akasema ndoo haina haja ya kufika kabla ya Idd. Halafu akaniuliza, kwa ile sauti, kama imekaa sawa, na akaniita Mwenyekiti. Nililia mbele ya makuli wote, na tuliporudi nilikunywa chai ya maziwa vikombe viwili. Kwa hiyo naomba malalamiko namba moja mpaka saba yachanwe.

Ombi la ufadhili nalo ligeuzwe: badala ya kusimamishwa, uongezwe mwaka. Gaudence amepiga simu leo kutoka Wuhan. Nilimweleza yote, akaomba radhi. Kisha akasema kwamba nchi ile ile ilikuwa na Waziri Mkuu mwingine, mzee wa sigara nene, ambaye wananchi walimtoa mara tu baada ya kuishinda Ujerumani, na miaka sita baadaye akarudi kwenye kiti kile kile. Nimeshanunua mchele. Ahmada ni mtu mwema mno, na nasema hili kwa mapenzi, mtu anayeutoa mlango wake bure hatakaa na kiti kile muda mrefu. Mwambie Gaudence aanzie siku mzee alipotolewa, aishie siku aliporudi. Mwisho wake asiniambie.